Ng'ombe Walitangulia Kisiwani: Kisa cha Safari Moja ya Boti Mtera

Kikundi cha vikoba cha akina mama wa Kihesa, mjini Iringa, kililipia safari ya siku moja: Coaster hadi Migori, boti kupitia mahali Mto Ruaha Mkuu unapoingia Bwawa la Mtera, kisha kisiwani, samaki, na kurudi nyumbani. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, wiki ambayo wanachama waligawana akiba zao za mwaka. Walirudi usiku wakiwa na tope hadi magotini na dai la kurudishiwa fedha zote, Sh 60,000 kwa kila mmoja wa akina mama 28. Mwandaaji wa safari, kijana mwenye ofisi ndogo mjini, alijibu kwamba hadaiwi chochote. Basi lilikwenda, boti ziliwashwa, samaki waliliwa, na kisiwani walifika.

Pande zote mbili ziliniomba nizisikilize na kusema ninavyoona. Nilisoma ujumbe wao wote wa simu, nikaongea na nahodha, nikatazama na video iliyotumika kuiuza safari. Majina nayaacha. Kisa chenyewe nakiandika kwa urefu, kwa sababu biashara ya matembezi ya boti katika mabwawa yetu inakua, na waliogombana hapa ni watu waaminifu pande zote.

Wazo lilitoka pwani

Nianze kwa kusema kijana huyu si tapeli, maana kwenye kundi la WhatsApp la kikoba ameshaitwa mengi. Wazo lake alilipata Nyamisati, wilayani Kibiti, alipokuwa akivuka kwenda Mafia. Pale safari haianzi na bahari. Boti inatoka gatini ikiwa bado ndani ya delta ya Rufiji, inapita kwenye mifereji yenye mikoko huku na huku, mitumbwi ya wavuvi ikikupisha, ndipo bahari inafunguka na safari ya Kilindoni inaanza kweli. Alirudi Iringa na swali. Ruaha Mkuu huishia katika Rufiji. Ruaha Mdogo unaopita Ipogolo humwaga katika Ruaha Mkuu kabla haujafika Mtera. Kama maji ni yale yale, kwa nini mtu wa Iringa aende mpaka Kibiti kuuona mto ukigawanyika?

Jibu lake lilikuwa Mtera, na si jibu baya. Mto wenye tope ukikutana na maji yaliyotulia hupoteza kasi na kutua mzigo wake. Ruaha Mkuu hufanya hivyo unapoingia bwawani. Mkondo mmoja unakuwa kadhaa, katikati vinabaki vichuguu vya tope vinavyoota matete, na kandokando wapo wakulima, wafugaji na wavuvi wanaoishi kwa kufuata maji. Kuna na visiwa, ambako wavuvi hupiga kambi zao na kukausha samaki.

Mwishoni mwa Mei alikwenda Migori, akamkodi nahodha mmoja mzoefu na kupiga video. Nimeitazama. Maji yamejaa hadi kwenye shina la miti, minandi wamekaa juu ya miti mikavu iliyozamishwa na bwawa, mwari wanaogelea kwa makundi, na mwishoni kinaonekana kisiwa chenye mti mmoja mkubwa, maji pande zote. Tangazo lake lilisema: safari fupi ya boti kupitia delta hadi kisiwani, dakika 40. Hakukuwa na uongo ndani yake. Siku ile ya Mei ilikuwa dakika 40.

Kikundi kilikubali, tarehe ikapangwa wiki ya kwanza ya Julai. Kisha mama mwenyekiti akaandika kuomba isogezwe hadi Novemba ili iangukie wiki ya mgawo, wanachama wakiwa na fedha na furaha. Kijana akajibu: "Sawa mama, hakuna shida." Ugomvi wote umo katika ujumbe huo. Safari ya Julai na safari ya Novemba zilikuwa bidhaa mbili tofauti, naye aliuza ya pili kwa picha za Mei.

Siku yenyewe

Coaster ilipita Nduli, ikateremka Nyang'oro, ikavuka Izazi. Hadi hapo hakuna lalamiko, isipokuwa joto. Anayetoka kwenye baridi ya Iringa akishashuka Nyang'oro anaona mwenyewe kwamba nchi imebadilika, mibuyu na miiba na mbuzi na vumbi. Mvua ilikuwa bado haijaanza.

Migori ndipo dalili ya kwanza ilipoonekana. Mwalo wa kwenye video haukuwa na maji. Pale boti ilipofungwa Mei, watoto walikuwa wanacheza mpira. Wavuvi walikuwa wameuhamishia mwalo wao mbali mbele, kwenye ukingo mpya, na kuufikia ilibidi kutembea juu ya udongo uliopasuka, halafu juu ya udongo ambao bado haujapasuka. Wapo waliovaa viatu vya sherehe, kwa sababu walikuwa kwenye sherehe.

Hapo nahodha alimvuta kijana pembeni. Wote wawili wanakubaliana kwamba alimvuta, ila hawakubaliani alichosema. Nahodha anasema alimwambia, "Leo tuwazungushe hapa hapa mbele, tusiingie mtoni." Kijana anasema aliambiwa tu kwamba itachukua muda zaidi. Mama mwenyekiti, ambaye hakusikia neno hata moja, aliona watu wamesimama juani akasema, "Tumeshafika, twendeni."

Wakapanda boti 2, kila moja akina mama 14, mbali na mabaharia. Kwenye maji ya wazi mambo yalikuwa mazuri, nyimbo zikaimbwa. Walipoanza kuingia kwenye mkondo wa mto, boti ya kwanza iligonga kisiki na pangaboi likavunjika panga moja. Injini ikazimwa, wakaendelea kwa upondo. Boti ya pili ikainua injini yake juu na kufanya vivyo hivyo. Mkondo ulizidi kuwa mwembamba, matete yakakaribia, kisha boti zote mbili zikakaa kwenye tope. Nahodha akasema, "Mama zangu, kuanzia hapa ni miguu."

Kisiwa walikiona. Mti ule mmoja mkubwa ulikuwepo, na chini yake walikuwepo ng'ombe na vijana wawili wachungaji waliokuja kwa miguu kutoka upande wa pili. Mama mmoja akauliza kwa sauti ng'ombe wale walipanda boti ya nani. Swali hilo limekuwa wimbo wa kikoba tangu siku hiyo, na nadhani ndilo lililomuumiza kijana kuliko dai la fedha.

Nusu ya akina mama waliteremka wakatembea kwenye tope hadi chini ya mti. Waliobaki waligoma. Kuzinasua boti kulichukua muda mrefu, upepo wa mchana ukawakuta njiani, na chakula cha kisiwani kikaliwa jioni kando ya barabara ya Migori. Perege walikuwa wazuri, kila mmoja amekiri.

Bwawa lililojengwa lishuke

Kijana alipojitetea mbele yangu alitumia mara kadhaa maneno "ukame wa mwaka huu". Hapa ndipo sikukubaliana naye tangu mwanzo, na hapa ndipo nataka kukaa.

Mtera haishuki kwa sababu ya balaa. Ilijengwa ili ijae na ishuke. Kwenye mto huu kuna mitambo miwili ya umeme inayofuatana: Mtera yenyewe, megawati 80, na chini yake Kidatu, megawati 204. Kidatu ndiyo ilitangulia, mwaka 1975, na bwawa lake ni dogo, haliwezi kuhifadhi maji ya kuivusha mitambo kiangazi kizima. Kwa hiyo Mtera ilifanywa ghala. Maji yanaingia wakati wa mvua, yanafunguliwa kidogo kidogo miezi isiyo na mvua, yanazungusha mitambo ya Mtera, kisha yanakwenda kuzungusha ya Kidatu. Ghala ambalo halipungui kabla ya mavuno mapya ni ghala ambalo mwenyewe halitumii.

Mipaka yake inajulikana na kila ukame vyombo vya habari huitaja. Bwawa likijaa, kina husomeka mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kikomo cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ni mita 8.5. Anayefikiria ziwa lenye kingo za mwamba ataona mita nane si kitu kikubwa, ukingo utakuwa na mstari mweupe tu kama beseni la kufulia. Lakini Mtera imetandazwa kwenye uwanda. Ikijaa, maji hufunika zaidi ya kilomita za mraba 600, na ujazo unaotumika kati ya mipaka ile miwili ni kiasi cha mita za ujazo bilioni 3. Gawa bilioni 3 kwa mita 8.5, unapata wastani wa eneo la kilomita za mraba 350 hivi. Kama juu kabisa ni 600 na wastani ni 350, basi kule chini eneo linalobaki na maji ni dogo sana, pungufu ya 350 kwa mbali. Mamia ya kilomita za mraba huwa maji Mei na huweza kuwa malisho miezi michache baadaye. Huo ndio uwanja wa mpira wa Migori. Huko ndiko walikotoka ng'ombe.

Sasa ongeza delta. Mahali mto unapoingia ndipo bonde lilipo tambarare kuliko pote, kwa sababu mto wenyewe umelitandika kwa tope lake miaka yote hii. Chukua ardhi inayoinama mita moja tu katika kila kilomita. Maji yakishuka mita mbili, mlango wa mto umehama kilomita mbili kuelekea ukutani mwa bwawa. Delta aliyoipiga picha kijana Mei haikuwepo Novemba. Ilikuwepo nyingine, mbele zaidi, changa, isiyo na mifereji iliyochimbika wala matete marefu, na ile ya zamani ilikuwa imebaki juu ikiwa kinamasi chenye mkondo mmoja mwembamba. Nahodha alinieleza jambo hilo hilo kwa maneno yake: mto una vinywa vingi, kila mwezi unatumia kimoja.

Na maji ya kuusukuma mkondo huo Novemba yanatoka wapi? Ruaha Mkuu wenyewe huwa karibu haupo. Hukusanya maji yake Usangu, mkoani Mbeya, ambako mito ya milimani inashuka na kupita kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali kabla ya kuingia kinamasi cha Ihefu. Ihefu hutoa maji kwa kupitia kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji ya kinamasi yakishuka chini ya kizingiti, hakuna kinachotoka, hata kama ndani bado kuna maji. Tangu 1993 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Kuhusu nani alaumiwe, wakulima wa umwagiliaji, wafugaji, au uendeshaji wa mabwawa yenyewe, kumekuwa na mabishano makali. Mwaka 2006, baada ya mgao mkubwa wa umeme, mifugo iliondolewa Ihefu kwa nguvu, na wapo watafiti waliosema lawama haikutakiwa kuishia kwa wafugaji. Kisa hiki hakihitaji kuyaamua hayo. Kinahitaji jambo moja tu: kwamba Novemba maji yanayoingia Mtera ni haba, mengi ya hayo yakiwa ya Ruaha Mdogo, kwa sababu Kisigo, mto mwingine unaoingia bwawani, nao ni wa msimu, na kwamba mto mkubwa hurudi mvua zikishakolea. Haya hutokea mwaka hadi mwaka, na kila mvuvi wa Migori anayajua.

Kwa hiyo kosa la kijana lina asili yake, na asili hiyo ni Nyamisati. Delta aliyoifahamu ni ya bahari. Kule nako maji hukimbia, boti hukwama, nahodha hupanga safari kwa kutazama bamvua. Lakini maji yakipwa Rufiji unasubiri saa sita. Yakipwa Mtera unasubiri masika. Alijifunza kwamba delta hupungukiwa maji na kuyarudisha, hakujifunza kwamba saa ya delta hii ni kalenda.

Swali lililoulizwa vibaya

Kijana anashikilia kwamba alifanya uangalizi. Wiki moja kabla ya safari alimpigia nahodha na kuuliza, "Boti zinapita mtoni?" Nahodha akajibu, "Zinapita." Nahodha hakatai. Anaongeza kwamba kabla ya hapo alishamwambia kwamba maji yameondoka.

Nawaamini wote wawili. Siku ile wavuvi walikuwa wanapita mtoni kweli, wawili wawili kwenye mitumbwi, na mtumbwi wa watu wawili wenye nyavu unapita kwenye maji yanayofika gotini. Boti ya watu 14, injini ikiwa imeteremshwa, ni habari nyingine. Nahodha alijibu swali aliloulizwa kama mvuvi anavyolijibu. Angeulizwa, "Utaibeba boti ya watu 14 hadi chini ya ule mti bila mtu kushuka?" angejibu hapana, na amenithibitishia hivyo. Angeulizwa pia maji ya kisiwani yanafika wapi mwilini mwa mtu, angejibu hayafiki popote.

Simuondolei nahodha sehemu yake. Mtu mwenye uzoefu wa miaka anaposikia kwamba wanakuja akina mama 28 kutoka mjini, ana wajibu wa kusema zaidi ya neno moja, hasa kama ameshaona mwalo umehama. Lakini yeye alikodiwa kuendesha boti kwa siku. Aliyeuza kisiwa ni mwingine.

Taarifa nyingine pia zilikuwepo karibu. TANESCO husoma kina cha bwawa kila siku, ni kazi yao. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, inayosimamia mto huu wote, ina ofisi zake hapa hapa Iringa. Mtu anayeanzisha biashara juu ya maji ya Mtera angeweza kwenda kuuliza bwawa huwaje Novemba, akajibiwa kabla chai haijapoa.

Nani amrudishie nani

Hapakuwa na mkataba wa maandishi. Hilo halimsaidii yeyote, kwa sababu kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo na ya ujumbe wa simu hufunga kama mengine, na hapa ujumbe upo, risiti za malipo ya simu zipo, video ipo.

Hoja ya kijana kwamba "kisiwani mlifika" niliikataa mapema. Walichonunua ni kupelekwa na boti hadi mahali palipozungukwa na maji. Nusu hawakufika kabisa, na waliofika walifika kwa namna ambayo ng'ombe walifika.

Hoja yake ya pili ina uzito zaidi. Alisema jambo lilikuwa haliwezekani kwa sababu ya maji, na maji si yake. Kifungu cha 56 cha sheria hiyo kinaruhusu hoja ya namna hii: jambo lililoahidiwa likija kuwa haliwezekani kwa sababu ambayo aliyeahidi hakuweza kuizuia, mkataba hufa. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea. Mtu akiahidi jambo alilojua, au ambalo kwa bidii ya kawaida angeweza kujua, kwamba haliwezekani, na mwenzake hajui, anapaswa kumfidia. Neno zito pale ni bidii ya kawaida. Kina cha Mtera Novemba kinajulikana kwa kupiga simu moja yenye swali sahihi. Kingekuwa kimeporomoka ghafla kati ya Jumatano na Jumamosi ningemsikiliza.

Je, kikundi kina lawama kwa kuhamisha tarehe? Niliulizwa hili kwa ukali na upande wa kijana. Hapana. Mteja anayehamisha tarehe anauliza kama inawezekana, na mwenye biashara ndiye anayejua. Mama mwenyekiti akiomba Novemba, kazi ya kijana ilikuwa kusema, "Mama, Novemba kisiwa hakipo, ila ndege wapo." Na wapo kweli. Matope yakifunuka ndege wa kuchokoa tope hujaa, na miezi hiyo wapo hata wale wanaokimbia baridi ya Ulaya. Safari ya Novemba ingeweza kuuzwa kwa haki kabisa kama safari ya ndege na kambi za wavuvi, kwenye maji ya wazi, bila kuingia mtoni. Sijui kama wangeinunua. Walitaka picha wakiwa wamezungukwa na maji.

Lawama ndogo ninayoiona upande wa kikundi iko Migori. Waliuona mwalo mkavu, wakaona wanaume wawili wananong'onezana, na hakuna aliyeuliza. "Tumeshafika, twendeni" ni kauli ya kiongozi, na mafuta yaliyochomwa baada ya hapo yalichomwa kwa idhini yao.

Nilimwomba kijana mchanganuo wa zile Sh 60,000, akautoa bila kusita. Coaster Sh 18,000, chakula Sh 10,000, boti na mafuta Sh 22,000, yake Sh 10,000. Basi na chakula vilitolewa kama vilivyoahidiwa, havirudi. Fedha ya boti irudi, isipokuwa katika Sh 4,000 za mafuta kila upande ubebe nusu, kwa sababu ya ile ruhusa ya Migori. Hiyo ni Sh 20,000. Katika Sh 10,000 zake, nusu aliifanyia kazi, nusu hakuifanyia. Jumla Sh 25,000 kwa kichwa, Sh 700,000 kwa kikundi. Mweka hazina alitaka na fidia ya viatu. Nilimwambia viatu vya sherehe kwenye boti ya wavuvi ni uamuzi wa mwenye viatu.

Jambo ambalo hakuna aliyelilalamikia

Katika malalamiko yote, ya maandishi na ya mdomo, sikuona hata mstari mmoja kuhusu jaketi za kujiokolea. Nikauliza. Zilikuwa 19 kwa boti zote mbili. Wengine walizikalia kwa sababu mbao ni ngumu.

Hapa sina upole. Kwenye mkondo wenye maji ya gotini hazikuhitajika, lakini kabla ya mkondo walivuka maji ya wazi, na waliporudi upepo ulikuwa umeinuka, boti moja ikiwa na pangaboi bovu na watu wamechoka. Bwawa tambarare lenye maji machache huinua mawimbi mafupi ya haraka, na chini yake kuna visiki. Mtu anayebeba abiria kwa malipo anatakiwa kuwa na chombo kilichokaguliwa na jaketi kwa kila kichwa. Usimamizi huo uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na hautofautishi Mtera na Ziwa Victoria. Boti zile ni za uvuvi. Sikuonyeshwa karatasi yoyote ya kubeba abiria, na kijana alikiri hakuwahi kuuliza.

Kisha kuna kuteremka. Mtera ina mamba na viboko, na wote hupenda mahali kama pale, maji machache yenye matete kando ya malisho. Kuwashusha watu 14 kwenye tope wasiloliona chini, mbali na ukingo, ili tu ahadi ya kisiwa itimie, lilikuwa kosa kubwa kuliko la kuuza safari ya Mei mwezi wa Novemba. Wale waliogoma kushuka, ambao wenzao waliwacheka kwa uoga, ndio pekee waliofanya uamuzi sahihi siku ile. Nililisema hili mbele ya kikao na halikupendwa, kwa sababu waliotembea walishaligeuza kuwa ushujaa.

Kikao kilimalizika kwa kukubali Sh 700,000, zilipwe kwa awamu mbili. Wengi walichukua fedha. Wachache waliomba zao zikae kwa safari ya Mei, kwa masharti waliyoyaandika wenyewe kwenye daftari la kikoba: kina cha bwawa kitajwe kwenye tangazo pamoja na tarehe kiliposomwa, jaketi kwa kila mtu, na kijana aende mtoni kwa boti ile ile siku moja kabla. Kama haipiti, wanazunguka maji ya wazi kwa bei ya chini, na hakuna anayeteremka.

Lililobaki ni pangaboi la nahodha. Kijana anasema chombo ni cha mwenye chombo. Nahodha anasema aliingizwa mtoni baada ya kushauri wasiingie. Kwa kuwa kuhusu ushauri ule nina neno la mmoja dhidi ya la mwingine, nilipendekeza wagawane, na wote wawili wakakataa. Nahodha amenunua jingine kwa fedha zake. Kundi la Mei amekubali kulibeba, ila amesema bei ataipanga yeye, na idadi ya watu kwenye boti ataipanga yeye.